Mafaili Yasiyofunguka

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama siku ya mkutano mkuu, baada ya chakula cha mchana)

Ndugu Mwenyekiti, Mheshimiwa Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazee wenzangu mliosafiri kutoka mbali, na ninyi vijana wa kidato cha tano na cha sita mlioketi karibu na mlango ili kutoka kuwe rahisi:

Nimepewa dakika 20 nizungumze juu ya mafaili ya kompyuta yasiyofunguka. Natambua kwamba saa hizi ni saa za usingizi, na kwamba sahani moja ya pilau ya leo ilikuwa na nyama nyingi kuliko tuliyoiona hapa kwa muhula mzima. Nitajitahidi kusema kwa sauti.

Wengi wenu mnajua habari za daftari la Mfuko wa Kusaidiana. Lile daftari kubwa lenye jalada jeusi lilinyeshewa mvua iliyoingia stoo, na kurasa zake zikagandana pasiwe na hata moja ya kusomeka. Tangu hapo, kila anapofariki mwanachama, kamati hukaa na kuulizana: marehemu alikuwa amelipa mpaka mwaka gani? Mwaka juzi walikuja wajane wawili katika juma moja. Kila mmoja alisema kwamba mumewe hakuacha kutoa ada hata mwaka mmoja, na hakuna aliyekuwa na stakabadhi. Katiba yetu yasema wazi kwamba watoto wa mwanachama aliyelipa miaka 10 mfululizo watasaidiwa karo. Kamati haikuwa na ushahidi wa kukubali wala wa kukataa. Nilikuwamo katika kikao kile, na nawaambieni hakikuwa kikao cha kupendeza.

Ndipo mtoto wa marehemu mtunza hazina wetu alipoleta bahasha yenye diski mbili za CD alizozikuta katika kabati la babake. Juu ya moja palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya wino "MFUKO 2004". Ndani yake mlikuwa na faili moja tu, kubwa, jina lake MFUKO.BKF. Kijana mmoja wa kamati alilibonyeza mara mbili, na kompyuta ikamuuliza ilifungue kwa programu gani. Hakujua. Likapelekwa kwa fundi mjini, naye akatoa hukumu kwamba faili limekufa, akapokea shilingi 15,000 za uchunguzi.

Mimi nimefanya kazi za kompyuta miaka mingi, na neno hilo "limekufa" silikubali upesi. Kompyuta inaposema haiwezi kufungua faili, imekuambia habari zake yenyewe, kwamba haina programu ya kulisoma. Habari za faili bado hujaambiwa. Ni kama mtu aletewe barua ya babu yake iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, aseme haina maana kwa kuwa yeye alifundishwa herufi za Kirumi tu. Barua ni ya Kiswahili kitupu, inaulizia bei ya chumvi na afya ya shangazi. Anayekosekana ni msomaji.

Basi faili lisilojulikana hujulikanaje? Wazee wenzangu, hebu yakumbukeni matranka yetu. Kila tranka lilipakwa rangi, na jina la mwenyewe likaandikwa juu ya kifuniko. Lakini kiranja wa bweni alipofanya ukaguzi hakusoma kifuniko akaenda zake. Alisema, "Fungua!" Kwa maana alijua kwamba tranka lililoandikwa "VITABU" laweza kuwa na mkate, sukari na kopo la siagi ya karanga, na mara nyingi lilikuwa navyo.

Jina la faili ni maandishi ya kifuniko. Ile herufi tatu au nne baada ya nukta, ambayo mimi huiita mkia, mtu yeyote aweza kuibadilisha kwa sekunde mbili, na yaliyomo ndani yasibadilike hata chembe. Waovu wanalijua hilo siku nyingi. Mwezi Mei 2000 barua pepe yenye maneno ya mapenzi ilizunguka dunia nzima, nayo ilibeba faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwa kawaida Windows huuficha mkia wa mwisho, kwa hiyo watu waliona TXT tu, wakadhani ni maandishi matupu, wakabonyeza. Ilikuwa programu ya kuharibu mafaili. Tabia hiyo ya kuficha mkia ingalipo hata leo katika kompyuta nyingi, na kwa maoni yangu ni tabia mbaya ambayo kila mwenye kompyuta angeizima leo jioni.

Ukweli wa faili umo ndani, hasa katika baiti zake za kwanza. Karibu kila mtu aliyebuni muundo wa faili aliweka alama yake mwanzoni kabisa, ili programu yake iweze kulitambua. Faili la PDF huanza na herufi %PDF. Faili la RAR, ambalo lilitengenezwa na Mrusi Eugene Roshal mwaka 1993, huanza na Rar! pamoja na alama ya mshangao. La 7z huanza na 7z. Akiba ya simu ya Android yenye mkia wa .ab huanza na maneno ANDROID BACKUP. Orodha ya majina ya simu yenye mkia wa .vcf huanza na BEGIN:VCARD, na hiyo ni maandishi ya kawaida unayoweza kuyasoma kama barua. Nimeona watu wakilipa pesa ili kufunguliwa hayo. Nyaraka za zamani za Word na Excel, kabla ya mwaka 2007, huanza na baiti ambazo zikiandikwa kwa hesabu ya kumi na sita huwa D0 CF 11 E0. Mzitazame vizuri mtaona mabwana wale walikuwa wakijaribu kuandika "docfile" kwa tarakimu. Hata wahandisi hutaniana.

Kuziona baiti hizo hakuhitaji elimu ya chuo kikuu. Fanya kwanza nakala ya faili, na asili uiweke kando usiiguse tena. Kisha ifungue nakala kwa programu ya maandishi iliyo nyepesi kuliko zote, kama Notepad. Utaona takataka nyingi za herufi. Usiogope, na usihifadhi chochote. Tazama mstari wa kwanza tu, kisha funga. Wale wenye Linux au Mac wana amri iitwayo file ambayo huwatazamia alama hizo yenyewe. Amri hiyo ilikuwamo katika mfumo wa Unix tangu mwaka 1973. Na Hifadhi ya Taifa ya Uingereza imetengeneza daftari kubwa la alama za mafaili liitwalo PRONOM, pamoja na programu ya bure iitwayo DROID inayolitumia daftari hilo kukagua folda nzima kwa mara moja.

Alama mtakayokutana nayo mara nyingi kuliko zote ni herufi mbili, PK. Hizo ni herufi za jina la mtu, na habari zake zina faida kwetu. Phil Katz alikuwa mtengeneza programu wa Milwaukee, Marekani. Miaka ya themanini, watu waliotumiana mafaili kwa simu walitumia muundo uitwao ARC, mali ya kampuni moja ndogo, kubana mafaili yawe madogo. Katz alitengeneza programu yake iliyofanya kazi hiyo hiyo kwa kasi zaidi. Mwaka 1988 kampuni ile ilimshitaki, wakapatana, naye akaachana na muundo wa ARC. Mwaka uliofuata, 1989, akatoa muundo wake mwenyewe, ZIP, na akafanya jambo ambalo ndilo sababu ya mimi kumtaja leo: alizitangaza kanuni zake hadharani, ili yeyote atakaye atengeneze programu ya kuufunga na kuufungua. Katz alifariki mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 37. Muundo wake ungali hai, kwa sababu hakuna aliyehitaji ruhusa yake wala uhai wake ili kuusoma. ARC ni nani kati yenu amewahi kuisikia?

Tena ZIP imejificha mahali pengi. Barua ya Word ya sasa, yenye mkia wa .docx, ni ZIP. Jedwali la .xlsx ni ZIP. Kitabu cha .epub na programu ya simu ya .apk, vyote ni ZIP. Ukichukua nakala ya .docx, ukaibadilisha mkia iwe .zip, itafunguka kama tranka, na ndani ya folda iitwayo word, katika folda ndogo iitwayo media, utakuta picha zote zilizobandikwa katika barua ile, kila moja peke yake. Nimewahi kumwokolea mwalimu mmoja mchoro wake kwa njia hiyo wakati Word yenyewe ilipogoma.

Jambo moja zaidi juu ya ZIP: orodha ya vilivyomo huandikwa mwishoni mwa faili, si mwanzoni. Kwa hiyo faili likikatika njiani wakati wa kupakuliwa, kichwa chake kitakuwa kizuri, PK yake ipo, lakini halitafunguka kwa sababu orodha haikufika. Kabla ya kumlaumu aliyekutumia, mwulize faili lake lina ukubwa gani, ulinganishe na lako.

Sasa turudi kwa MFUKO.BKF. Nilifanya nakala ya diski, na diski ilisomeka yote, nikamshukuru Mungu. Nikaitazama nakala kwa Notepad. Herufi nne za kwanza zilikuwa TAPE.

Neno hilo maana yake ni kanda. Zamani mashirika yaliweka akiba ya kazi zao katika kanda za sumaku, na namna ya kupanga mafaili ilifuata kanda inavyozunguka, moja baada ya lingine, kama nyimbo katika kaseti. Ndiyo maana muundo wa tar, uliotokea katika Unix mwaka 1979, jina lake ni kifupi cha maneno ya Kiingereza ya "akiba ya kanda", na hata leo unatumika kila mahali ingawa kanda zenyewe wengi hawajaziona. Microsoft nao walikuwa na muundo wao wa kanda, na programu ya NTBackup iliyokuja pamoja na Windows NT, 2000 na XP iliutumia hata pale ulipoagiza akiba yako iwekwe katika faili la kawaida. Mkia wake ni BKF. Ilipokuja Windows Vista mwaka 2007, programu hiyo iliondolewa. Hivyo kompyuta yoyote mpya italitazama faili la BKF kama mgeni asiye na barua ya utambulisho. Yule fundi simlaumu sana. Wakati NTBackup ikitumika huenda alikuwa akijifunza kuhesabu kwa vijiti.

Marehemu mtunza hazina alifanya kazi yake vizuri kabisa. NTBackup haikuweza kuandika katika CD moja kwa moja, kwa hiyo alitengeneza faili katika kompyuta kwanza, ndipo akalinakili katika diski. Ni mtu mwenye subira.

Mwanachama mwenzetu mmoja alikuwa na kompyuta ya zamani ya XP nyumbani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya wazee. Tuliiwasha, ikawaka. Tukaifungua NTBackup, tukaionyesha faili, ikatengeneza orodha ya vilivyomo. Hapo kuna jambo la kuangalia: programu za namna hii hupenda kurudisha kila kitu pale kilipokuwa zamani, na zaweza kufunika mafaili mapya kwa ya kale. Agiza daima irudishe mahali pengine, katika folda tupu. Kama kompyuta ile isingewaka, ipo programu ya bure ya Linux iitwayo mtftar ambayo hugeuza akiba ya namna hiyo iwe tar, na tar hufunguka popote.

Ndani tulikuta folda tatu. Katika ya kwanza mlikuwa na jedwali la Excel la ada, kuanzia mwaka 1988 hadi 2004, jina kwa jina, pamoja na namba za stakabadhi. LibreOffice ililifungua bila kusita.

Mjane wa kwanza, mumewe alikuwa amelipa miaka yote 17. Watoto wake wawili sasa wanalipiwa karo, na mmoja yumo humu ukumbini. Mumewe mjane wa pili alilipa miaka 9, akasimama. Tisa, si kumi. Kamati ilikaa mpaka usiku. Siwezi kuwaeleza yote yaliyosemwa, lakini uamuzi mnaujua, kwa kuwa ninyi wenyewe mlipiga kura mwaka jana kuirekebisha ibara ile ya katiba, na yule bibi alijibiwa kwa karatasi yenye tarakimu badala ya kuambiwa tu kwamba mumewe hajulikani. Aliniambia jambo hilo la pili ndilo lililomuuma zaidi.

Folda ya pili ilikuwa na kumbukumbu za mikutano, na katibu anazo sasa katika PDF na katika karatasi. Nimemshauri pia jedwali la ada aliweke katika maandishi matupu yaliyotengwa kwa mkato, yaani CSV, ambayo hata kompyuta ya mwaka 2060 haitashindwa kuyasoma, na nakala zikae katika nyumba tatu tofauti, si katika stoo ile ile inayovuja. Waingereza mwaka 1986 waliadhimisha miaka 900 ya kitabu chao cha Domesday kwa kukusanya habari za nchi yao yote katika diski za leza. Haikupita miaka 20 kabla ya mashine za kusomea diski zile kuwa adimu na wataalamu kulazimika kufanya kazi kubwa ya kuziokoa, huku kitabu cha mwaka 1086 kikiwa kingali kinasomeka. Karatasi isidharauliwe, mradi isinyeshewe.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Imebaki folda ya tatu, na hiyo ndiyo hasa iliyonileta mbele yenu.

Ndani yake mna faili la ZIP lenye picha 212, nalo limefungwa kwa neno la siri. ZIP ya kawaida huficha yaliyomo lakini haifichi majina, kwa hiyo orodha naiona yote. Naona jina la bweni la pili, mwaka 1978. Naona timu ya mpira iliyokwenda mkoani. Naona picha iliyoitwa MPISHI NA SUFURIA, na nina hakika nyote mnamjua mpishi huyo ni nani. Naona kidato cha nne cha mwaka 1981, ambao nusu yao hatunao tena. Picha hizi marehemu alizikusanya kwa wanachama, akazitia katika kompyuta mwenyewe, moja moja. Za karatasi aliwarudishia wenyewe, na wengi wao wamefariki au wamehama. Mjane wake na watoto wamejaribu kila neno wanalolikumbuka, na halijafunguka.

Lakini kufuli alilotumia ni lile la zamani, lililokuwamo katika Windows XP, na kufuli hilo lina udhaifu unaojulikana. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Eli Biham na Paul Kocher, walionyesha kwamba mtu akiwa na nakala ya faili moja tu miongoni mwa yaliyofungiwa ndani, aweza kuilinganisha na ile iliyofungwa na kupata funguo zinazofungua mengine yote yaliyofungwa kwa neno lile lile. Programu za kufanya hivyo zipo, ni za bure, na mimi ninazo. Kwa kufuli za kisasa njia hiyo haifai kitu. Kwa hili, inafaa.

Nahitaji picha moja. Kati ya mwaka 2002 na 2004 marehemu aliwatumia baadhi yenu picha hizo kwa barua pepe, au aliwapa katika diski. Sitaki picha iliyopitia WhatsApp, maana huko hubanwa upya na kuwa faili lingine kabisa, wala picha ya karatasi iliyopigwa tena kwa simu. Nataka faili lenyewe, kama alivyolituma, halikuguswa. Tafuteni katika barua pepe zenu za zamani, katika kompyuta zilizofunikwa vitambaa, katika diski zilizotundikwa kwenye miembe kufukuza ndege. Orodha ya majina yote 212 nimeibandika pale mlangoni, karibu na vijana wetu, na nitakaa pale mpaka basi la mwisho liondoke.